Akina Mama, Pangeni Kurudi Kabla ya Kupanda

Vikundi vingi vya akina mama hapa Dodoma husafiri pamoja angalau mara moja kwa mwaka. Mara nyingi safari hiyo huwa ya harusi, msiba au mkutano wa kanisa. Tunakaa kwenye basi, tunakaa ukumbini, tunakula, tunarudi. Ni vizuri kukutana. Lakini mama aliyekaa mwaka mzima dukani, ofisini au kwenye cherehani anahitaji pia siku moja ya kuutembeza mwili wake mahali penye hewa safi, pamoja na wenzake, bila sufuria wala daftari la mahesabu. Safari ninayoizungumzia hapa ni ya namna hiyo: kuzunguka ubavu wa mlima kwa miguu kwa muda wa nusu siku, huku ziwa likionekana chini.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watalii na ya vijana wa shule. Sivyo. Mama wa kijijini anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani, au na mzigo wa kuni, anafanya kazi kubwa kuliko hiyo kila siku. Ila yeye anaijua njia, anazijua nguvu zake, na anajua jua likizama atakuwa wapi. Sisi wa mjini tunaokwenda kwenye mlima tusioujua hatuna mambo hayo matatu. Inatubidi tuyapate kwa kupanga mapema, na kupanga kwenyewe kuanze na swali moja: sote tutarudije?

Mlima upi?

Kanda yetu ya kati ni nyanda kavu zenye vilima vya mawe, na mahali ambapo mlima na ziwa vimekaribiana ni pachache. Wengi hufikiria kwanza Mlima Hanang wenye mita zipatazo 3,420, ambao ukiwa juu yake unaliona Ziwa Balangida lenye maji ya chumvi. Ni mlima mzuri, lakini si wa kuanzia. Kufika kileleni na kurudi ni kazi ngumu ya siku nzima au ya siku mbili, na inabidi kubeba maji yote mgongoni. Tena mtu akipita kama mita 2,500 anaweza kuugua kwa sababu ya hewa nyepesi: kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, kizunguzungu kinafuata. Wala tusisahau kwamba tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yaliporomoka kutoka Hanang yakaua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Mlima ni wa kuheshimiwa, hasa wakati wa mvua.

Kwa kikundi cha akina mama wanaoanza, mimi nashauri Mlima Kwaraha ulioko Babati, mkoani Manyara. Kilele chake kina mita zipatazo 2,415, na mji wa Babati uko kwenye zaidi ya mita 1,300. Maana yake ni kwamba hata anayefika kileleni hafiki kwenye hewa nyepesi ya kuleta ugonjwa. Aidha, hakuna sheria inayowalazimisha kufika kileleni. Ukipanda nusu tu ya mlima, tayari unauona mji wa Babati na Ziwa Babati lililo kusini yake. Mlima uko upande wa mashariki, hivyo asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako ukilitazama ziwa, nalo huonekana vizuri. Mchana jua likigeuka linakupiga machoni. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuanza mapema.

Juu ya mlima kuna msitu wa hifadhi. Msitu huo si pambo tu. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika na kuleta madhara mjini, kama lilivyokuwa limefurika mwaka 1964 na 1979. Mahali ambapo miti na majani vimeondolewa, maji ya mvua hayazami ardhini bali hukimbia bondeni na udongo wake. Kwa hiyo tunapoingia humo tusikate fimbo mbichi, tusiwashe moto, na mifuko yetu ya plastiki turudi nayo.

Safari ya siku tatu

Kutoka Dodoma hadi Babati ni kilometa zipatazo 250 kwa barabara ya lami ipitayo Kondoa, ambayo ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Zamani njia hii ilikuwa ya vumbi na mashimo, na wazee wetu walikuwa wakiiogopa. Njiani mtapita Kolo, penye ofisi ya michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kisha mtapanda Bereku na kuteremka kuelekea Bonga na Babati.

Msijaribu kwenda, kupanda na kurudi kwa siku moja. Mama aliyeamka saa nane usiku na kukaa garini saa nne hana miguu ya kupanda mlima, na dereva aliyechoka ni hatari kuliko mlima wenyewe. Ondokeni Ijumaa, lala Babati, pandeni Jumamosi, salini Jumapili asubuhi na wenyeji wenu, kisha mrudi Dodoma mchana kabla ya giza.

Majira mazuri ni Juni hadi Oktoba, wakati mvua zimekwisha na njia haitelezi. Juni na Julai baridi ni kali asubuhi na ukungu unaweza kufunika ziwa. Agosti na Septemba ni afadhali kwa wengi.

Mwezi mmoja kabla, tumeni mtu au pigeni simu Babati kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kuomba kibali cha kuingia msituni, kujua ada, na kupata mwenyeji wa kuwaongoza. Msiende bila mwenyeji. Msitu una wanyama, na yeye ndiye anayejua nyakati na njia zao. Mwulizeni maswali haya na mwandike majibu: Njia yote ni kilometa ngapi? Tunapanda mita ngapi? Mahali pakali zaidi ni wapi? Kuna maji njiani? Simu inashika wapi? Na mtu akiumia, gari linaweza kumfikia wapi?

Kwa nini njia ya kuzunguka?

Njia ya kuzunguka ni ile ya kupanda upande mmoja, kukata ubavuni na kushuka upande mwingine. Uzuri wake ni kwamba kila hatua ni mpya. Mwambieni mwenyeji awapandishe upande mkali na kuwashusha upande wa pole. Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na magoti yetu ni mashahidi. Kupanda hukutoa jasho, lakini kushuka ndiko kunakoumiza magoti na kuteleza watu, maana miguu imechoka na akili imeshafika nyumbani.

Lakini njia ya kuzunguka ina jambo moja la kuangalia sana. Kwenye njia ya kwenda na kurudi, mtu akichoka wakati wowote anaweza kugeuka na njia ikafupika. Kwenye mzunguko, mkishapita nusu, kugeuka hakusaidii tena, kwa sababu mbele ni karibu kuliko nyuma. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea au kugeuka lazima ufanywe kabla ya nusu, nao ufanywe kwa saa, usifanywe kwa hamu.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliacha kanuni ambayo wapanda milima bado wanaitumia. Kwa vipimo vya sasa ni hivi: saa moja kwa kila kilometa tano, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith aliwapimia watu wenye mazoezi. Kwa kikundi cha akina mama, ongezeni nusu ya muda huo, kisha mwongeze muda wa kupumzika.

Tuchukue mfano. Mwenyeji amewaambia kwamba mzunguko ni kilometa 10, na mtapanda mita 500 katika nusu ya kwanza. Kilometa tano za kwanza ni saa moja, na kupanda mita 500 ni dakika 50. Jumla saa moja na dakika 50. Ongeza nusu yake, unapata saa mbili na dakika 45. Ongeza nusu saa ya kupumzika: saa tatu na robo. Kama mmeanza saa 1:30 asubuhi, mtafika sehemu ya juu saa 4:45. Kushuka kilometa tano ni saa moja; ongeza nusu yake, na dakika 45 za kula na kulitazama ziwa: saa mbili na robo. Mtakuwa chini saa 7:00 mchana.

Sasa wekeni saa ya kugeuka. Kwa mfano huu iwe saa 5:30 asubuhi. Ikifika saa hiyo na hamjafika sehemu ya juu, mnageuka na kurudi kwa njia mliyopandia, hata kama mwenyeji anasema pamebaki padogo, hata kama vijana wananung'unika. Mtangazieni kila mmoja saa hiyo kabla ya kuondoka Dodoma, ili mlimani pasiwe na mjadala. Jua huzama kabla ya saa moja usiku, kwa hiyo mtabaki na saa nyingi za mwanga ikiwa mtu ameteguka na inabidi kumshusha taratibu. Saa hizo si za kupoteza. Ni akiba, kama unga unaobaki kwenye debe mwisho wa mwezi.

Zahanati kwanza, mlima baadaye

Hapa nazungumza kama muuguzi. Presha ya damu kwa wengi haina dalili. Wauguzi tunakutana na mama anayejua kwamba ana presha siku ile anapoletwa akiwa ameanguka. Kila anayejiandikisha kwa safari hii apimwe presha na sukari wiki sita kabla, siyo jana yake. Kama presha imefika 180 kwa 110 au zaidi, mama huyo asipande mpaka atibiwe na kuruhusiwa na daktari. Anayetumia dawa asiziache kwa ajili ya safari. Anayetumia dawa ya kuongeza mkojo amwulize daktari jinsi ya kunywa maji siku hiyo.

Mwenye kisukari anayetumia sindano ya insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana, amwone daktari kwanza, maana kutembea kwenyewe kunashusha sukari. Asipande bila kifungua kinywa, na mfukoni awe na pipi au glukosi. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kujibu ovyo, ale sukari hapo hapo. Viatu vyake visimbane, na jioni akague nyayo zake.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mwenyewe, isiachwe garini. Mwenye ugonjwa wa selimundu, mjamzito, aliyejifungua karibuni au aliyefanyiwa upasuaji, asijiandikishe bila ushauri wa daktari. Huo si ubaguzi. Kwa hao, na kwa wenye magoti mabovu, ipo safari nyingine nzuri: Singida, kilometa zipatazo 240 kutoka Dodoma, mji uliokaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, penye miamba mikubwa na ndege wa majini. Huko mtu anaweza kutembea pole pole mahali pasipo mwinuko mkali na kupumzika anapotaka.

Baada ya kupima, anzeni mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Tembeeni jioni mkitoka kazini au asubuhi kabla ya jua. Kila Jumamosi pandeni mojawapo ya vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wetu, au miinuko ya kule Chimwaga, na kila wiki muongeze kidogo. Kipimo cha mwendo ni rahisi: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni sawasawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Anayesikia maumivu ya kifua asimame mara moja, na asirudi mazoezini mpaka aonwe na daktari.

Ndani ya mfuko

Kila mama abebe maji lita mbili hadi tatu na ayanywe kidogo kidogo, asingoje kiu. Chakula kiwe cha kushika mkononi: viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, chapati, mayai, karanga, ndizi. Viatu viwe raba au buti zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa kwa wiki kadhaa. Kiatu kipya ni malengelenge, na ndala ni ajali. Vaa suruali pana au sketi isiyozuia hatua, na uweke sweta, koti la mvua, kofia na khanga moja. Khanga ni kivuli, ni kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika, na ni shuka la kumfunika aliyeshikwa na baridi.

Mmoja wenu abebe mfuko wa huduma ya kwanza: bandeji, pamba, plasta, glovu, dawa ya maumivu, mkasi, tochi na pakiti za ORS. Pakiti zikikosekana, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Mkilala Babati, laleni ndani ya vyandarua.

Njiani

Nyuma ya mwenyeji awekwe mama mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, na wa mwisho kabisa awe mwenye nguvu, akiwa na ule mfuko wa dawa. Tukiwaweka wenye nguvu mbele hutokea jambo baya: wanakwenda mbio, wanakaa kuwangoja wenzao, na aliyechoka akifika tu, wao wanasimama kuendelea. Hivyo aliyechoka ndiye asiyepumzika hata mara moja. Mwenda pole hajikwai. Hesabuni watu kila mnaposimama, na asiachwe mtu nyuma peke yake hata kwa kujisaidia.

Ziwa Babati lina viboko. Usiku hutoka majini kula majani, na ukisimama kati ya kiboko na maji umejitafutia kifo. Mkitaka kulitazama ziwa kwa karibu, iwe mchana na pamoja na mwenyeji. Msiingize miguu majini wala msiwaache watoto waoge, maana katika maji baridi yaliyotulia huishi konokono wanaoeneza kichocho.

Mambo ya nyumbani

Mama wengi hawashindwi na mlima. Wanashindwa na mlango wa nyumba yao. Kwa hiyo zungumza na baba watoto mapema, miezi miwili kabla, umweleze unakwenda wapi, na nani, kwa gharama gani, na unarudi lini. Usimletee habari Alhamisi jioni. Nauli, kibali, malazi na malipo ya mwenyeji vigawanywe kwa idadi ya watu, na kila mmoja aweke kidogo kila wiki, ili mwenye kipato kidogo naye aende. Watoto wapewe mtu wa kuwaangalia, na wakubwa wafundishwe kupika hata ugali na mboga. Siku tatu bila mama zinaweza kumfundisha kijana wa kiume kazi ambayo mke wake wa kesho atashukuru.

Mwachie mtu mmoja Dodoma karatasi yenye majina yenu wote, simu ya mwenyeji, njia mtakayopita na saa mtakayokuwa mmeshuka. Mkishuka mpigieni. Muda huo ukipita saa mbili bila habari, yeye ajue la kufanya: kumpigia mwenyeji, kisha polisi kwa namba 112.

Mpendwa msomaji, kama umesoma mpaka hapa ukahesabu kwamba kazi kubwa iko Dodoma na siyo Babati, umeelewa. Huenda kikundi chenu kikajiandikisha watu ishirini, na wawili wakaambiwa na daktari wasipande. Msiwasikitikie. Yawezekana safari hii ndiyo iliyookoa maisha yao, kwa sababu iliwapeleka kupimwa. Na wale kumi na wanane wakigeuka saa 5:30 bila kufika juu, ziwa litakuwa pale pale mwakani, nao watakuwa nyumbani na watoto wao, miguu ikiuma na hamu ikiwa bado.

Basi katika kikao chenu kijacho, kabla ya kuuliza mtakwenda lini, chukueni karatasi na kuandika kwanza saa ya kurudi. Halafu hesabuni kwenda nyuma mpaka mfike leo.